Mada ya Saba: Vita vya Kagera na Mjadala wa Kuvuka Mpaka

Ndugu mtahiniwa, unajua tayari kwamba Idi Amin aliivamia Tanzania mwaka 1978 na kwamba alishindwa. Wanafunzi wengi wanajua hivyo, na wengi huishia hapo. Lakini swali linaweza kuulizwa hivi: "Je, Tanzania ilikuwa na haki ya kuingia Uganda na kumwondoa Amin? Jadili." Hapo kusimulia vita peke yake hakutakutosha. Unatakiwa kujua nani alipinga, nani alitetea, kila upande ulisimamia hoja gani, na nini kilitokea baadaye. Mada hii inakuandaa kwa swali la namna hiyo.

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza chimbuko la vita vya Kagera;
(b) kutofautisha hatua tatu za vita hivyo;
(c) kujadili hoja za waliopinga na za waliotetea kuingia kwa Tanzania nchini Uganda;
(d) kuchambua matokeo ya vita kwa Tanzania, Uganda na Afrika.

1. Chimbuko la vita

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, ambaye wakati huo alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tanzania ilimpokea Obote kama mkimbizi, na Rais Julius Nyerere akakataa kuitambua serikali ya Amin.

Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea Tanzania ili kumng'oa Amin. Walishindwa. Amin alijibu kwa kutuma ndege za kivita kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi Oktoba mwaka huo nchi mbili hizi zilipatana mjini Mogadishu, kwa usuluhishi wa Somalia, kwamba kila moja itayaondoa majeshi yake karibu na mpaka na haitawasaidia wapinzani wa mwenzake. Kumbuka makubaliano haya. Utayakuta tena kwenye hoja za waliopinga.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, huku jeshi lake likiwa na maasi ya ndani, Amin aliivamia Tanzania. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Raia waliuawa, mifugo na mali ziliporwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa akatangaza kwamba Tanzania inayo sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin.

2. Hatua tatu za vita

Hapa ndipo penye ufunguo wa mada nzima. Vita hivi vilikuwa na hatua tatu, na ubishi haukuwa sawa katika kila hatua.

Hatua ya kwanza: kuikomboa Kagera. Kuanzia Novemba 1978 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilijibu mashambulizi na kuyarudisha nyuma majeshi ya Amin. Kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi ya Tanzania ilikuwa imekombolewa.

Hatua ya pili: kuvuka mpaka. Mwezi Januari 1979 JWTZ liliingia Uganda na kuiteka Mutukula, kwa maelezo kwamba adui aliyeko kwenye miinuko ya mpakani angeweza kuipiga Kagera tena. Mwezi Februari miji ya Masaka na Mbarara ikatekwa.

Hatua ya tatu: kuuangusha utawala wa Amin. Mwezi Machi Libya ilituma askari kumsaidia Amin, na mapigano makali yakatokea Lukaya. Mwezi huohuo Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda chama cha pamoja cha ukombozi na kumchagua Yusuf Lule kukiongoza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, alikofariki mwaka 2003.

ZINGATIA: Haki ya Tanzania kuikomboa Kagera haikuwa kiini cha ubishi, kwa kuwa Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda. Ubishi unaanzia hatua ya pili na kuwa mkali katika hatua ya tatu. Ukizichanganya hatua hizi, utajikuta unatetea jambo ambalo hakuna aliyelikataa.

3. Hoja za waliopinga

Mwezi Julai 1979 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani OAU, walikutana Monrovia, Liberia. Rais Jaafar Nimeiry wa Sudan na Jenerali Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania hadharani. Hoja kuu za upande huu ni hizi:

(i) Mkataba wa OAU. Mkataba uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1963 ulikataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Amin alikuwa dhalimu, lakini dhalimu huyo alikuwa tatizo la Waganda.

(ii) Hatari ya kuigwa. Leo Tanzania inamwondoa Amin kwa kuwa ni mbaya. Kesho nchi yenye nguvu itamwondoa jirani yake na kudai vilevile. Nani atakuwa mwamuzi? Nchi changa zenye mipaka iliyochorwa na wakoloni ziliiogopa sana hoja hii.

(iii) Tanzania haikuwa na mikono misafi. Obote aliishi Tanzania, na wafuasi wake walitokea huko mwaka 1972. Kwa hiyo wapo waliosema kwamba lengo halikuwa usalama wa Kagera, bali kumrudisha Obote madarakani.

(iv) Njia ya amani. Mkataba huohuo ulizitaka nchi zimalize ugomvi kwa mazungumzo na usuluhishi. Adui alipokwisha kutoka Kagera, walisema, Tanzania ingesimama mpakani na kuuachia OAU.

4. Hoja za waliotetea

Serikali ya Tanzania ilitoa maelezo yake rasmi, na nchi kadhaa ziliiunga mkono. Msumbiji ilituma hata askari. Huko Monrovia Rais Godfrey Binaisa, aliyekuwa amechukua nafasi ya Lule, alisimama kuitetea Tanzania. Hoja zao ni hizi:

(i) Mvamizi alikuwa Amin. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Amin ndiye aliyelivunja azimio hilo kwa kutangaza kwamba ardhi ya Tanzania ni yake.

(ii) OAU ulinyamaza. Nyerere aliutaka umoja huo umlaani mvamizi na Amin alipe fidia. Haukumlaani. Kabla ya hapo, viongozi wa Afrika walikubali kukutana Kampala mwaka 1975 na Amin akawa mwenyekiti wao, wakati tayari watu wake walikuwa wanauawa. Tanzania ilisusia mkutano huo. Makadirio ya waliouawa chini ya Amin hufika hadi watu 300,000.

(iii) Vita vilikuwa viwili. Nyerere alieleza kwamba Tanzania ilipigana vita vyake dhidi ya mvamizi, na Waganda walipigana vyao dhidi ya dikteta. Vita hivyo viwili vilikwenda sambamba.

(iv) Usalama wa kudumu. Amin aliipiga Bukoba mwaka 1972 na akarudi mwaka 1978. Ukimfukuza nyoka nje ya nyumba ukamwacha mlangoni, umelala salama?

Hoja ya tatu ipime kwa makini. Ni kweli kulikuwa na wapiganaji wa Kiganda, akiwamo Yoweri Museveni, lakini sehemu kubwa ya mapigano ilifanywa na JWTZ. Mtahiniwa mzuri huitaja hoja, kisha huonyesha na udhaifu wake.

5. Matokeo ya vita

(a) Kwa Tanzania. Wanajeshi na raia walipoteza maisha. Baadhi ya askari wamezikwa katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuwaingiza mgambo wengi. Gharama ya vita hukadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, na Tanzania iliibeba kwa sehemu kubwa peke yake. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, lakini dhiki haikuondoka: miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari, sabuni na unga katika maduka ya kaya. Jina la mkoa nalo lilibadilika: Mkoa wa Ziwa Magharibi ukawa Mkoa wa Kagera.

(b) Kwa Uganda. Wananchi wa Kampala waliwashangilia askari wa Tanzania. Lakini Lule alikaa madarakani siku 68 tu; alipoondolewa mwezi Juni 1979 watu waliandamana, wengine wakiilaumu Tanzania. Binaisa naye aliondolewa mwezi Mei 1980. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980, ambao wapinzani wake waliukataa, na mwezi Februari 1981 Museveni akaingia msituni. JWTZ liliondoka katikati ya mwaka 1981. Vita vya msituni viliendelea hadi Museveni alipoiteka Kampala mwezi Januari 1986. Kwa hiyo kuondoka kwa Amin hakukuleta amani mara moja.

(c) Kwa Afrika. Swali la Monrovia halikufa. Mwaka 2000, mjini Lomé, viongozi wa Afrika walipitisha Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika. Kifungu cha 4(h) kinaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Zingatia tofauti: haki hiyo ni ya Umoja kwa uamuzi wa viongozi wote, si ya nchi moja kuamua peke yake. Hivyo pande zote mbili za mwaka 1979 zina sehemu yao katika sheria ya leo.

6. Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuandika kwa ushabiki. Kuipenda nchi yako hakukuzuii kueleza hoja ya aliyeikosoa. Ukiieleza kwa haki kisha ukaijibu, jibu lako linakuwa na nguvu zaidi.

Kosa la pili ni kuvitwisha vita mzigo wote wa hali ngumu ya uchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1979, na sera za ndani nazo zilikuwa na upungufu wake. Andika kwamba vita vilikuwa sababu mojawapo.

Kosa la tatu ni kuliona jambo kwa matokeo tu. Wapo wanaosema: "Uganda iliingia vitani tena, kwa hiyo Tanzania ilikosea." Wengine husema: "Amin aliondoka, kwa hiyo Tanzania ilikuwa sahihi." Haki ya kuingia na matokeo ya kuingia ni maswali mawili. Jibu kila moja mahali pake.

7. Swali la mfano

"Kuingia kwa majeshi ya Tanzania nchini Uganda mwaka 1979 kulikuwa halali lakini kulikuwa na gharama kubwa." Jadili kauli hii.

Mwongozo: Katika utangulizi, eleza uvamizi wa 1978 kwa kifupi na utaje msimamo wako. Katika kiini, tenganisha hatua tatu za vita, toa hoja zisizopungua mbili za kila upande, kisha eleza gharama kwa Tanzania na kwa Uganda. Katika hitimisho, toa uamuzi unaotokana na hoja ulizozieleza. Usilete hoja mpya mwishoni.

Mfano wa hitimisho: "Kwa ujumla, Tanzania ilikuwa na haki kamili ya kuikomboa Kagera na sababu nzito ya kuvuka mpaka, kwa kuwa mvamizi alikuwa amerudi mara ya pili na OAU haukumlaani. Hata hivyo, kuibadilisha serikali ya nchi nyingine kulikwenda mbali kuliko kujilinda, na kuliiachia Tanzania jukumu ambalo haikuwa na uwezo wa kulimaliza. Kauli hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa."

Huu ni mfano tu. Unaweza kufikia uamuzi ulio kinyume nao na ukapata alama nzuri, mradi hoja zako zikubebe.

8. Maswali ya marudio

1. Eleza sababu nne zilizosababisha vita vya Kagera.
2. Kwa nini kuikomboa Kagera hakukuzua ubishi kama kuiteka Kampala?
3. Nchi zilizoikosoa Tanzania mjini Monrovia mwaka 1979 zilisimamia kanuni gani? Je, kanuni hiyo ina faida gani kwa nchi ndogo?
4. Linganisha msimamo wa Mkataba wa OAU wa 1963 na Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika.
5. "Vita vilimwondoa Amin lakini havikuleta amani Uganda." Thibitisha kwa mifano ya kati ya 1979 na 1986.
6. Kazi ya nyumbani: Mtafute mzee wa mtaani au kijijini kwenu anayekumbuka vita hivi, awe mwanajeshi, mgambo au raia aliyepanga foleni ya sukari. Muulize kama anaona ilistahili kwenda mpaka Kampala, na kwa nini. Andika jibu lake kwa aya moja, kisha andika aya ya pili ukikubaliana naye au ukimpinga kwa heshima.