Muulize Nani Alimbeba

Mama mpendwa,

Nina miaka 22. Nilipata diploma ya serikali, nikaanza masomo ya uchumi chuoni, lakini baba alipopoteza kazi nikaachia mwaka wa kwanza. Sasa nauza sambaza sokoni Kituku. Majuzi tulialikwa kumsikiliza mama mmoja aliyefanikiwa. Akatuambia: anayetaka, anaweza. Nilirudi nyumbani nikilia. Mimi nataka, ila siwezi. Je, ni uvivu? Shangazi zangu wanasema niolewe tu, mambo yaishe.

Binti wa Kituku, Goma

Binti yangu,

Anayeamka alfajiri kungoja mitumbwi ya sambaza, akashinda juani akiuza, akarudi jioni na unga wa watu wa nyumbani, huyo si mvivu. Neno hilo lifute.

Mama yule hakukudanganya, ila alikusimulia mwisho wa safari akaruka mwanzo. Fuatilia njia ya wanawake wetu waliofika mbali, utakuta mtu aliyewabeba. Neema Namadamu wa Kivu Kusini alipata polio akiwa mtoto mdogo. Mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka shuleni. Mtoto huyo alifika chuo kikuu, akawa mtetezi wa wanawake na wa watu wenye ulemavu. Alitaka, ndiyo. Lakini bila mgongo ule, kutaka kwake kungemfikisha wapi?

Julienne Lusenge alikuwa mwandishi wa habari wa redio kule Ituri. Mwaka 2000, vita vikiwaka, alianzisha shirika la kutetea wanawake, SOFEPADI, pamoja na wanawake wenzake. Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa aliipata 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 23. Ni mingi kuliko umri wako wote.

Basi fanya hivi. Kwanza, tafuta mgongo wako. Ingia likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na akina mama wa hapo sokoni, hata kwa kiasi kidogo. Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, sote tuliona thamani ya kuwa na watu wa kuaminiana. Zamu yako ikifika, tenga fungu la masomo kabla hujagusa kingine.

Pili, nunua daftari. Kila jioni andika: beseni ulinunua bei gani, bakuli uliuza bei gani, sambaza ngapi ziliharibika. Huo ni uchumi uleule ulioachia njiani, na sasa unausoma kwa pesa yako mwenyewe.

Tatu, ndoa. Ndoa ni heri, lakini usiingie kama mtu anayekimbia mvua. Atakayekuja, muulize mapema kama ataridhia urudi chuoni. Zamani Sheria ya Familia ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kusaini mkataba. Tangu marekebisho ya 2016, inawataka wanandoa wakubaliane wote wawili. Makubaliano hayo yaanze kabla ya mahari.

Na ukialikwa tena kumsikiliza mama aliyefanikiwa, usitoke na machozi. Nyoosha mkono, muulize: nani alikubeba, na ilikuchukua miaka mingapi? Wewe nawe, siku utakaposimama mbele ya wasichana, usiache kuwataja akina mama wa Kituku.