Deni Dogo la Dukani

  

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la mwaka huu tumechagua jambo ambalo wengi wetu hulifanya karibu kila siku bila kulitia katika hesabu ya ibada wala ya dhambi. Mtoto anatumwa dukani: nusu kilo ya sukari, mafuta ya kupima, kibiriti, na maneno kwamba mama atalipa jioni. Jioni inafika, hakuna kitu. Keshoye mtoto yule yule anaambiwa apite uchochoro wa nyuma ili mwenye duka asimwone. Hapo mtoto ameshafundishwa somo, na sisi walimu tutakuwa na kazi kubwa kulifuta ubaoni.

Kwanza ieleweke kuwa kukopa si haramu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alinunua chakula kwa mkopo kwa Myahudi mmoja wa Madina, na Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa alipofariki, deraya yake ya chuma ilikuwa bado imewekwa rehani kwa pishi 30 za shayiri. Tuangalie vizuri: alikopa chakula, si pambo, na aliyekopesha alikuwa na kitu mkononi cha kulinda haki yake. Sisi mara nyingi tunamwachia mwenye duka ahadi tu.

Bibi Aisha amepokea pia kwamba Mtume alikuwa akiomba ndani ya swala kinga dhidi ya deni. Alipoulizwa kwa nini anaomba hivyo kwa wingi, hakutaja njaa wala ufukara. Alitaja ulimi: mwenye deni huzungumza akasema uongo, na huahidi asitimize. Wanafunzi wetu wa darasa la kwanza wamehifadhi alama za mnafiki, na hizo mbili zimo. Basi mtu mkweli kabisa anaweza kusukumwa katika sifa hizo na shilingi elfu tano za unga. Na akiona haya kusema uongo mwenyewe, humtuma mwanawe mlangoni aseme baba hayupo. Kwa maoni yetu huo ndio uovu mkubwa kuliko deni lenyewe.

Uzito wa jambo hili tunauona kwenye jeneza. Aliletwa maiti ili Mtume amswalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa ni dinari 2 katika riwaya ya Jabir, na 3 katika riwaya ya Salama bin Akwa'. Mtume akawaambia masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Dinari moja ni kiasi cha gramu 4.25 za dhahabu, kwa hiyo hatuzungumzii mali ya tajiri. Katika riwaya ya Jabir, Mtume aliendelea kumwuliza Abu Qatada habari za dinari zile hadi alipojua zimelipwa. Baadaye, Allah alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume akawa analipa mwenyewe madeni ya waumini waliokufa bila ya kuacha cha kulipia. Ndiyo maana huku kwetu, kabla ya kuswaliwa maiti, jamaa husimama akauliza nani anamdai marehemu. Wengi husikia aibu kujibu pale. Mwenye duka huinamisha kichwa na daftari lake limejaa.

Tumtazame na huyo mwenye duka. Kuna duka mtaani lilifungwa, na si kwa kukosa wateja. Wateja walikuwa wengi mno, wote kwenye daftari. Mwenye uwezo wa kulipa akichelewesha, Mtume amekuita kuchelewesha huko dhulma. Asiye na uwezo ana hukumu nyingine: Suratul Baqara aya ya 280 imeamrisha apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni sadaka. Lakini anayenunua vocha na nyama ya kuchoma kila Jumamosi asijifiche nyuma ya aya hii.

Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inafundisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Kwa hiyo nyumba nayo iwe na daftari lake, lisiwe la duka tu. Mkikaa baada ya Isha mkalifungua, mtajua sukari ya mwezi ni kiasi gani, na pengine mtagundua kuwa nguo za Idi za mwaka jana bado zinadaiwa. Kuhusu mikopo ya kwenye simu yenye nyongeza, hiyo ni riba, na neno kuiita huduma haliibadilishi.

Nanyi wanafunzi, msidhani somo hili ni la wazazi peke yao. Shilingi 200 ya kashata uliyokopa kwa mwenzako ni deni. Kalamu uliyoazima ni amana. (Ada za madrasa hatuzitaji hapa, ingawa Mudir akisoma makala haya atatabasamu.)

Wengi huuliza: je, niliyekuwa namdai na kudaiwa naye amehama, au amekufa? Mnayedaiana, hesabuni kilicho chenu na chake, kinachobaki ndicho deni. Aliyekufa wanalipwa warithi wake. Aliyehama atafutwe, kwa jirani, kwa ndugu, msikitini alikokuwa akiswali. Akikosekana kabisa baada ya kutafutwa kwa kweli, wanavyuoni wengi wamesema kiasi hicho kitolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea aelezwe: akiridhia, thawabu ni zake, na akitaka fedha yake, alipwe.