Bosi wako anapokuamkia 'shikamoo'

NILIPORIPOTI kazini katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam nilikuwa na miaka 37. Ndevu zilikuwa zimeshaanza kuota mvi, na mkononi nilikuwa na bahasha ya vyeti vya chuo kikuu ambavyo havijamaliza hata mwaka. Mlinzi wa getini alinipa shikamoo, akanielekeza dirisha la mhasibu. Alidhani ni mzazi niliyekuja kulipa ada.

Ndani ya ofisi ya walimu niliwakuta vijana watupu. Wote walisimama wakaniamkia, na mmoja wao akaniachia kiti chake kilichokuwa karibu na feni. Nikakaa. Haikuchukua muda nikatambulishwa kuwa aliyeniachia kiti ndiye mwalimu wa taaluma, yaani ndiye nitakayempelekea azimio la kazi na andalio la somo, na ndiye atakayesema hili linafaa na hili lirudiwe. Alikuwa na miaka 26. Kabla ya kwenda chuo nilifundisha madrasa kwa miaka mingi, na wapo niliowasomesha Juzuu Amma ambao leo ni wakubwa kuliko yeye.

Ndugu msomaji, hali hii siku hizi si ngeni. Yupo aliyefunga duka Kariakoo akarudi darasani ukubwani. Yupo aliyepunguzwa kazini akaanza upya kwingine. Wapo akina mama waliolea kwanza, watoto walipoanza shule nao wakatafuta ajira. Na hesabu yenyewe inatubana: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa hawajafika miaka 15. Nchi yenye watoto wengi kiasi hicho itaendelea kumimina vijana maofisini kila mwaka. Anayeajiriwa akiwa na miaka 37 katika utumishi wa umma, ambako kustaafu kwa lazima ni miaka 60, ana miaka 23 mbele yake, na karibu yote ataitumia akiwa na wenzake waliozaliwa nyuma yake.

Mazungumzo yetu kuhusu jambo hili mara nyingi huishia kwenye lawama kwamba vijana wa leo hawana adabu, wamesoma kidogo wanajiona. Mimi yaliyonikuta yalikuwa kinyume chake. Taabu yangu ilitokana na adabu yao, na namna nilivyoitumia vibaya.

Wiki ya pili yule mwalimu wa taaluma alinirudishia andalio langu la somo. Alikuwa ameandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, kwamba lengo mahsusi halipimiki. Alikuwa sahihi. Niliandika mwanafunzi "aelewe" umuhimu wa swala, na mwalimu yeyote aliyepita chuo anafahamu kuwa huwezi kupima kuelewa mpaka mwanafunzi aeleze, ataje au atende. Lakini alinipa mbele ya watu, na mimi nikamjibu mbele ya watu: "Mwanangu, mimi nimeshika chaki wewe hujui kufunga kamba za viatu." Ofisi nzima ikacheka. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Samahani mzee wangu."

Mwanangu! Tofauti yetu ni miaka 11. Ningemzaa lini?

Siku ile nilijiona nimeshinda. Kuanzia hapo maandalio yangu yote yalirudi yamesainiwa, hayana hata alama moja ya kalamu nyekundu. Nami nikaamini nimekuwa mwalimu hodari.

Mwisho wa muhula tukatakiwa kuingiza alama za wanafunzi kwenye kompyuta. Nisiseme uongo, jedwali la Excel nililijua kwa kulisikia. Niliingiza majina na alama za kidato cha pili, somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, kisha nikataka majina yajipange kwa alfabeti. Kompyuta ikaniuliza swali kwa Kiingereza, sikulisoma vizuri, nikabonyeza kuendelea. Majina yakajipanga. Sikutambua kuwa nilikuwa nimechagua safu ya majina peke yake: majina yalihama, alama zikabaki pale pale. Darasa zima likapewa alama za wenzao.

Ripoti zikaenda nyumbani. Shule ilipofunguliwa, binti mmoja alinifuata nje ya ofisi. Ni katika wanafunzi wangu bora, mwenye bidii na hifadhi nzuri ya Qur'an. Ripoti yake ilisomeka 31. Hakuja kulalamika. Aliuliza tu, "Ustadh, nilikosea wapi, nikarekebishe?" Nilipofungua karatasi yake ya mtihani nikakuta nimemwandikia 84 kwa mkono wangu mwenyewe. Baba yake alikuwa amemchapa. Hasira yake ilikuwa kwamba mtoto anafeli hata dini.

Sasa sikiliza lililoniumiza zaidi. Nilipoeleza kosa langu ofisini, kijana aliyekuwa ameketi meza ya pili yangu alisema taratibu kwamba aliziona alama zile siku ile ile na akashangaa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu: "Niliona aibu, ustadh. Wewe ni mtu mzima." Mwalimu wa taaluma naye akakiri kuwa kwa walimu wengine wote alilinganisha jedwali na karatasi chache za mitihani kabla ya kusaini, ila langu alilisaini hivi hivi. Hakutaka ionekane anamkagua mzee.

Ukaguzi wa shule nzima ulifika kwenye ndevu zangu ukasimama. Na aliyeusimamisha ni mimi, siku ile ya kamba za viatu.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzazi na ripoti iliyosahihishwa. Alinikaribisha vizuri, akaisoma kimya, akasema: "Ustadh, alama umeshazirekebisha. Na hivi viboko nitavirekebishaje?" Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini na kurudia mambo ambayo mimi mwenyewe nayafundisha. Ipo hadithi mashuhuri waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) amemtoa katika mwendo wake mtu asiyewahurumia wadogo wetu na asiyetambua haki ya wakubwa wetu. Sisi wakubwa tunaipenda sana hadithi hii, lakini tunaikumbuka nusu. Ile sehemu ya wadogo huwa tunaichukulia kuwa inahusu watoto wachanga na kuwapa pipi. Kumfedhehesha kijana mbele ya wenzake kwa sababu ametimiza wajibu wake, je, huko ni kumhurumia mdogo?

Kisha tazama suala la uimamu. Katika hadithi ya Abu Masud al-Ansari iliyomo katika Sahih Muslim, anayetangulizwa ni mjuzi zaidi wa Kitabu cha Allah, kisha mjuzi zaidi wa Sunna, kisha aliyetangulia kuhama. Umri nao unatajwa katika baadhi ya mapokezi, lakini baada ya hayo yote. Na hadithi hiyo hiyo inaongeza jambo ambalo watu wa maofisini tungelihifadhi kwa moyo: mtu asiongoze swala katika eneo la mamlaka ya mwenziwe bila idhini yake. Amr bin Salamah (r.a.) aliwaswalisha watu wa kabila lake akiwa na miaka sita au saba, kama ilivyo katika Bukhari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na Qur'an nyingi kuliko wao. Wazee walisimama nyuma ya mtoto. Siku hizi mtu anaweza kuwa na ndevu hadi kifuani na akashindwa kusimama nyuma ya kijana wa miaka 26 katika jambo la jedwali la alama.

Lakini kisa kilichonifungua macho ni cha Usamah bin Zayd (r.a.). Mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632, Mtume (s.a.w.) alimpa uongozi wa jeshi la kuelekea upande wa Sham. Wanahistoria wanamweka kati ya miaka 17 na 20, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo Masahaba wakubwa, Umar bin al-Khattab (r.a.) akiwa mmoja wao. Watu walinong'ona, na Mtume (s.a.w.) akawakumbusha kuwa walishanong'ona hivyo hivyo kuhusu uongozi wa baba yake. Mtume alipofariki, baadhi walipendekeza jeshi lipewe mtu mwenye umri mkubwa zaidi. Abu Bakr (r.a.) alikataa katakata.

Siku ya kuondoka jeshi, kama wanavyosimulia wanahistoria, Abu Bakr alilisindikiza kwa miguu na Usamah akiwa juu ya mnyama wake. Kijana akaona haya. Akamtaka Khalifa ama apande, ama yeye Usamah ateremke. Abu Bakr akakataa yote mawili, akaendelea kutembea. Kisha akamwomba Usamah, kama ataona vyema, amwachie Umar abaki naye Madina wasaidiane. Huyu ni Khalifa, mtu wa miaka kama 60, mwenye uwezo wa kutoa amri ikatekelezwa, naye anaomba ruhusa kwa kijana kwa sababu Umar yuko chini ya uongozi wa kijana huyo.

Wengi tunakisimulia kisa hiki kuonyesha unyenyekevu wa Abu Bakr tu. Mimi naomba uwatazame wote wawili kwa pamoja. Usamah hakuacha kumheshimu mkubwa wake kwa kuwa amepewa cheo, aliona haya kukaa juu mzee akitembea. Abu Bakr naye hakuitumia haya ile kumshusha kijana, bali alimwacha juu ya mnyama wake na madaraka yake. Heshima ya umri ilikuwapo na madaraka ya kazi yalikuwapo, kwa watu wale wale, njiani pale pale.

Hivyo sikubaliani na wale wanaoona dawa ni kuifuta shikamoo kazini. Wapo wakubwa wanaowaambia vijana, "Niiteni jina tu, hapa sote sawa." Kijana wa kwetu utamtesa bure. Ataliita jina lako huku anaangalia chini, na kukuambia kosa lako bado hataweza. Wengine hujifanya vijana, kila neno ni la mtaani, kila saa wamo kwenye kundi la WhatsApp wanatuma vichekesho. Vijana huwacheka wakitoka. Kuwa na miaka 37 si kosa la kufichwa.

Lililo muhimu ni kwamba mkubwa ndiye afungue mlango, kwa sababu mdogo hawezi kuufungua. Kumwambia kijana "ukiona kosa niambie" hakutoshi. Atasema ndiyo mzee, kisha atanyamaza. Ni lazima umpelekee kazi yako mkononi na umuulize swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa "ni nzuri tu". Mimi nilianza kwa kumwendea mwalimu wa taaluma, tukiwa peke yetu kwanza, nikamwomba radhi. Halafu nikaona haitoshi, maana niliyemvunjia heshima hadharani nastahili kumrudishia hadharani, nikairudia katika kikao cha walimu. Ilikuwa ngumu kuliko usaili wa kazi. Baada ya hapo nikawa namuuliza: "Katika andalio hili, kama ungetakiwa kufuta sentensi moja, ungefuta ipi?" Mara ya kwanza alicheka, akasema zote ziko sawa. Mara ya tatu akafuta mbili.

Yule kijana wa meza ya pili alinifundisha Excel wakati wa chai ya saa nne kwa muda wa mwezi mzima. Maandazi yalikuwa juu yangu. Na mimi nina langu la kuwapa: mzazi mkali akija juu kama moto, wananiita niketi naye, kwa kuwa mzazi wa miaka 50 haoni tabu kushushiwa sauti na mtu mwenye mvi. Hilo sikulidai, lilikuja lenyewe, na naamini lilikuja baada ya mimi kuacha kutangaza uzoefu wangu.

Kwa upande wa vijana mlio viongozi, nina ombi moja. Msahihisheni mkubwa faraghani, lakini msahihisheni. Mwalimu wa taaluma angenirudishia lile andalio pembeni, huenda nisingetafuta cha kujitetea. Hilo nimemwambia, naye amekubali kuwa alikosea mahali, hakukosea jambo.

Leo ni mwaka wangu wa pili pale. Alama sasa zinasomwa na walimu wawili, mmoja akishika karatasi na mwingine akiangalia jedwali, kabla hazijasainiwa, na zangu zinasomwa kama za wengine. Muhula uliopita yalipatikana makosa mawili kwangu. Moja aliligundua mwalimu wa mazoezi, kijana wa miaka 22 aliyekuwa na wiki tatu tu shuleni. Alisimama mbele ya meza yangu akifikicha vidole, akasema, "Shikamoo ustadh. Samahani, huyu namba 17 uliandika 46 au 64?"