Intaferoni: Mjumbe Anayekimbia Mbele ya Ugonjwa

Wanachuo wenzangu, ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari kuhusu kinga ya mwili, atakujibu haraka: seli nyeupe za damu ni askari. Sawa, hajakosea. Lakini askari wanaotengeneza kingamwili wanahitaji siku kadhaa kujiandaa dhidi ya adui mgeni, na virusi havisubiri. Sasa nani analinda mwili saa zile za mwanzo? Hapo ndipo intaferoni inapoingia.

Twende Tabora. Karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo: njia moja ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini hadi Ziwa Viktoria. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Ndui nayo ilisafiri humo humo, tena bila kulipa hongo kwa mtemi yeyote. Richard Burton, aliyefika hapo mwaka 1857, aliieleza kuwa ndiyo maradhi ya mlipuko ya hatari kuliko yote katika nchi hizo.

Fikiria kijiji kimoja njiani kimeshaingiliwa. Chenyewe kimechelewa, ila kinatuma kijana akimbie kijiji cha pili: "Ndui imefika kwetu, fungeni milango!" Intaferoni ndiyo kijana huyo.

Kisayansi ni hivi. Virusi vikiingia kwenye seli, seli inatambua vinasaba vigeni, inatengeneza protini iitwayo intaferoni na kuitoa nje. Protini hiyo inashika vipokezi vya seli jirani, ujumbe unafika kwenye kiini, na mamia ya jeni yanawashwa. Jirani anajifunga: anapunguza utengenezaji wa protini ambazo virusi vinazitegemea na kukatakata RNA yao. Pia seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa zinaamshwa. Angalizo la mtihani: intaferoni yenyewe haiui virusi, inawaandaa majirani.

Waliogundua jambo hili ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, London, mwaka 1957.

Ndui ilikuwa na ujanja wake. Virusi vyake vinatengeneza protini inayomnasa mjumbe kabla hajafika. Ilibidi chanjo ifanye kazi hadi mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili, Somalia, 1977. Mwaka 1980 ikatangazwa kutokomezwa duniani. Mjumbe akikosekana, hatari ni kubwa: mwaka 2020 watafiti walikuta baadhi ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 wana kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe.

Yote haya yanatuhusu nini bwenini? Homa, uchovu na maumivu ya viungo wakati wa mafua kwa sehemu vinaletwa na intaferoni ikiwa kazini. Ila wengi wetu, mafua yakianza tu, tunakimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Dawa hiyo inapambana na bakteria. Virusi haivigusi, na mjumbe haimsaidii. Tunachofanya ni kuwazoesha bakteria usugu, halafu siku tukiihitaji kweli, imeshakuwa butu. Na kwa kuwa homa kwetu inaweza pia kuwa malaria, usikisie: nenda kapime kwanza.

Kwa sisi wa ualimu, tutakapoingia darasani tusiishie kwa askari. Tumfundishe na mjumbe.