MTOTO MCHANGA NA MOTO WA MILELE

Ndugu zetu wengi hujadiliana na Wakristo barazani na sokoni, na swali lirudiwalo sana ni hili: Vipi Mungu aliye Mwadilifu amtie motoni milele mtu asiye na kosa ila kutozaliwa katika dini yenu? Swali hili ni zuri. Lakini mwenye kuuliza yampasa kwanza ajue Wakristo wasema nini khasa, kisha ajiulize na yeye swali lilo hilo. Nasi tutalitazama kwa mfano wa mtoto mchanga afaye kabla ya kubatizwa, kwani hapo ndipo mambo yalipo wazi zaidi.

MAS'ALA YA KWANZA: Wakristo wamesema nini?

Augustine, askofu wa mji wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyekufa mwaka 430, alishika kuwa dhambi ya Adamu hurithiwa na kila mwanawe. Hoja yake ni hii: kanisa humbatiza mtoto mchanga ili asamehewe, na mtoto hajatenda lolote, basi asamehewe nini, kama si dhambi aliyozaliwa nayo? Kwa hivyo afaye bila ya ubatizo huingia motoni, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Pelagius akampinga, akasema Adamu alijidhuru nafsi yake tu. Maaskofu waliokutana Carthage mwaka 418 wakaikataa kauli ya Pelagius.

Lakini nyoyo za watu hazikutua. Wanavyuoni wao wa baadaye, na katika hao ni Thomas Aquinas aliyekufa mwaka 1274, wakasema watoto hao wana mahali pao, paitwapo limbo, pasipo maumivu wala kumwona Mungu. Mwaka 1964 mkutano mkuu wa Vatikano ukatamka kwamba asiyeijua Injili pasi na kosa lake, naye amtafuta Mungu kwa moyo safi, aweza kuokoka. Na mwaka 2007 kamati ya wanavyuoni wa Kikatoliki, kwa idhini ya Papa, ikatoa waraka kuwa ziko sababu za kutumai kwamba watoto hao huokolewa. Basi amwambiaye Mkatoliki wa leo, "Nyinyi mwasema mtoto mchanga huungua," amemzulia.

MAS'ALA YA PILI: Na sisi twasema nini?

Kwetu, Adamu alitubu akasamehewa, wala mtoto hatozwi deni la babu yake. Na Sura ya Israa, aya ya 15, yatufundisha kuwa adhabu haiji ila baada ya kupelekwa Mtume. Hata hivyo ulamaa wetu wamekhitilafiana juu ya watoto wa washirikina: wako waliosema huwafuata wazee wao, wako waliosema watatahiniwa Siku ya Kiyama, na wako walionyamaza. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, akasema kauli sahihi ni kuwa wao ni watu wa Peponi.

Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, katika kitabu chake Faisal al-Tafriqa, aliwagawanya wasiosilimu mafungu matatu. Wa kwanza hawakupata kulisikia jina la Mtume: hao wana udhuru. Wa pili walizijua sifa zake na miujiza yake kwa hakika, wakakanusha: hao hawana udhuru. Wa tatu tangu udogoni walisikia jina lake kwa sifa za uwongo tu: hao ni kama wa kwanza.

FAIDA

Katika haya yako mafunzo mawili. La kwanza: tusimhukumie mtu Jahanamu, hatujui ni khabari gani iliyomfikia, na ajuaye ni Mungu peke yake. La pili ni zito zaidi. Jirani asiyesoma kitabu chetu hutusoma sisi. Akituona twapunja mizani, twala mali ya yatima, twavunja ahadi, basi khabari iliyomfikia ni ipi? Mwenye kuuliza juu ya uadilifu wa Mungu kwa jirani yake, na aanze kwa uadilifu wake mwenyewe kwa jirani huyo.