Sahihi ya Mwenyekiti Haitoshi

Mgeni anayeyatamani malisho ya jamii siku hizi hahangaiki kuyanunua. Anataka biashara ya kaboni, hifadhi ya wanyamapori au upepo wa kufua umeme, kwa mkataba wa miongo kadhaa. Mwenyekiti wa kamati ya jamii anaitwa hoteli ya mjini, anapewa chai na kalamu. Kwa sheria ya Kenya, sahihi yake peke yake haiifungi jamii.

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kinadai mashauriano ya wazi, tathmini ya athari kwa mazingira na utamaduni, kisha ridhaa ya thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitishwa kujadili ombi hilo. Wanawake na vijana wa kuanzia miaka 18 wamo katika hesabu hiyo, hata kama wazee hawajazoea kuwaita. Daini kumbukumbu za mkutano na orodha ya waliohudhuria.

Mradi wa kaboni wa ardhini una sharti jingine: tangu 2023 sheria inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa. Nani anaziandika hizo gharama? Ulizeni kabla ya kutia sahihi. Madini na mafuta yana njia yake. Hayo Katiba imeyaweka chini ya serikali kuu, na mgao wa jamii ni asilimia 10 ya mrabaha wa madini.

Ardhi isiyosajiliwa bado ni ya jamii. Kaunti inaishikilia kwa amana tu na haina ruhusa ya kuiuza. Lakini bila daftari la wanajamii, thuluthi mbili itahesabiwa kutoka wapi? Chagueni kamati ya watu 7 hadi 15, muombe usajili.

Ibara ya 63 ya Katiba inazitaja pia ardhi za mababu za jamii za wawindaji. Waogiek wa Msitu wa Mau, waliopewa notisi ya siku 30 wahame mwaka 2009, waliishinda serikali katika Mahakama ya Afrika, Arusha, Mei 2017. Hoja kwamba wao ndio waharibifu wa msitu ilikosa ushahidi. Mwaka 2022 mahakama iliamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao, ingawa kushinda kesi na kushika hati ni mambo mawili.

Kama mkataba umeshatiwa sahihi kisirisiri, andikeni pingamizi mapema kwa kamati na msajili wa ardhi ya jamii. Usuluhishi ukishindikana, nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.