Haki za Mnunuzi na Khiyari ya Kurudisha Kitu chenye Aibu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya haya:

Alinijia mtu mmoja baada ya sala ya Alasiri akishitaki. Alinunua cherehani kwa fedha alizozikusanya mwaka mzima, na usiku ule ule akaona gurudumu lake lina ufa uliofunikwa kwa rangi. Akanyamaza kwa kuona haya, akashona nayo siku kumi, kisha akataka kuirudisha. Mwenye duka akakataa. Nalisikitika, kwani haki alikuwa nayo, na kimya chake ndicho kilichoipoteza. Basi nimeona yapasa kuandika somo hili, asije akapotea mwingine kama yeye.

Jua, ndugu yangu, ya kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii mnunuzi ana khiyari tatu, maana yake ruhusa ya kuipitisha biashara au kuivunja.

Ya kwanza ni khiyari ya majlisi. Wauzianao wana ruhusa ya kurejea maadamu hawajaachana kwa miili yao, wala hawajachagua kuipitisha. Ukijuta ungali mbele yake, mrudishie kitu chake uchukue fedha yako.

Ya pili ni khiyari ya sharti. Hushurutishwa wakati wa kuuziana, wala haizidi siku tatu.

Ya tatu ni khiyari ya aibu, nayo ndiyo tunayoikusudia. Aibu ni kila upungufu unaoshusha thamani ya kitu, au unaoharibu makusudio yake, nacho kwa desturi huwa salama nao. Ikiwa ilikuwamo kabla hujakikabidhi, nawe hukuijua, una haki ya kukirudisha na kupewa thamani yako yote. Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, akakuta unyevu, akamlaumu mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona. Basi kuficha aibu ni haramu.

Lakini haki hii ina sharti: irudishwe mara tu uijuapo aibu. Ukiwa katika sala au chakula, maliza kwanza; ukiijua usiku, ngoja asubuhi. Wala usikitumie. Ukichelewa pasipo udhuru, huna tena kurudisha wala kudai fidia. Asipokuwapo mwuzaji, mwendee wakili wake au kadhi.

Masala: Nguo umekwisha kuikata, ndipo ukaona aibu ya zamani?
Jawabu: Huwezi kumlazimisha aipokee, kwani umetia upungufu mpya. Akikataa, utapewa fidia. Ikiwa nguo nzima ni shilingi 100, na yenye aibu ni 90, utarejeshewa fungu moja katika kumi la thamani uliyotoa.

Masala: Mwenye duka ameandika ukutani kuwa kilichouzwa hakirudi?
Jawabu: Maneno hayo hayamwokoi na aibu iliyofichika katika bidhaa. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa sharti la kujitoa humfaa kwa mnyama tu, katika aibu ya ndani asiyoijua yeye mwenyewe.

Masala: Wakigombana, huyu asema aibu ni ya zamani, na huyu asema ni mpya, na yote mawili yawezekana?
Jawabu: Husadikiwa mwuzaji kwa kiapo chake. Kwa hiyo fungua kitu na ukikague mbele yake, na mashahidi wapo.

Sheria za nchi nazo zimekuja na haki hizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kiasi, ya kuelezwa habari zake, na ya kulipwa kwa hasara itokanayo na kasoro. Na Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Basi, ewe mnunuzi, usione haya kusema asubuhi yake. Nawe mwuzaji, onyesha aibu kabla hujaulizwa. Faida ndogo ya halali ina baraka kuliko nyingi ya hadaa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.